Msiseme "Hajui Kubloku"

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, nina ugomvi na sentensi ya maneno mawili: "Hajui kubloku." Nimeisikia msimu mzima wa 2024, kila Jumapili, hapa Maryland tunapokutana Waswahili wa kila namna, wa Mombasa, wa Tanga, wa Bujumbura, na mmoja wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake hutuchekesha na kutufunza kwa pamoja, kuitazama timu ya Washington ikicheza futiboli ya Kimarekani. Anayesemwa ni Ben Sinnott, kijana aliyechaguliwa na timu hiyo katika raundi ya pili ya uteuzi wa mwaka 2024, akiwa wa 53 kwa jumla, kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Nafasi yake uwanjani huitwa taitiendi. Katika msimu wake wa kwanza alidaka mipira 5, akapata yadi 28 na tachidauni 1. Mashabiki walitarajia mavuno, wakaona suke moja, na tangu hapo hawakukosa la kusema. Mbona hachezi? Hajui kubloku. Basi. Shauri limekwisha, leteni chai.

Naomba nieleweke mapema. Sisemi kwamba kijana huyu alidhulumiwa dakika zake. Kwa maoni yangu kocha Dan Quinn alifanya sawa kumweka alipomweka. Ninachokipinga ni ile sababu inayotolewa, na zaidi ya sababu, lile neno. Mtu anaweza kuifikia hukumu sahihi kwa hoja mbovu, na hoja mbovu ikizoeleka huhukumu wengine kesho.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, nieleze kidogo. Timu inayoshambulia ina watu 11. Watano kati yao ni majabali wanaopanga mstari mbele, na kwa kawaida kanuni haziwaruhusu kupokea mpira unaorushwa mbele. Taitiendi husimama mwishoni mwa mstari huo, bega kwa bega na jabali la mwisho, na ndiko jina lake lilikotoka: yule wa mwisho aliyebana karibu na wenzake. Lakini yeye, tofauti na wale watano, anaruhusiwa kukimbia na kudaka. Ana kazi mbili ambazo kwetu tungewapa watu wawili. Mara hii ni hamali, anaweka bega lake chini ya mzigo usio wake. Mara ijayo ni mvuvi, anapiga mbizi katikati ya walinzi na kuibuka na mpira. Na adui hajui, kila mpira unapoanzwa, ni yupi kati ya hao wawili atakayemjia. Thamani ya taitiendi imo katika mashaka hayo. Asiyeweza uhamali hujulikana mara moja kuwa amekuja kuvua tu, na mashaka yakiondoka, thamani nayo huondoka.

Kwa hiyo swali la kama Sinnott anaweza uhamali ni swali la haki kabisa. Mashabiki hawakukosea kuliuliza. Walikosea kulijibu kwa neno lisilojibu kitu.

Tulitazame neno lenyewe. Kubloku. Sina kinyongo na maneno ya mkopo. Aliye na kinyongo nayo na aanze kwa kuvitoa nyumbani mwake meza na kitabu, kisha amtoe mwanawe shule. Kasoro ya kubloku haimo katika ugeni wake. Kasoro ni kwamba limeingia bila kazi maalumu, likaketi sebuleni, likawafukuza wenyeji waliokuwa na kazi. Mwulize kijana yeyote wa Dar es Salaam maana ya kubloku, atakwambia ni kumzuia mtu asikupigie simu: kitendo cha kidole kimoja, kinachokwisha papo hapo. Neno lenye picha hiyo ndani yake ndilo tunalolitwika kazi inayofanywa kwa nyayo, nyonga, mgongo, viganja na akili, dhidi ya mtu ambaye aghalabu ni mzito kuliko wewe na ambaye hana nia ya kusimama.

Tena kazi yenyewe si moja. Iko kazi ya kuhimili. Hapa taitiendi ameshaweka mkono mmoja chini, amesimama mstarini, na mbele yake yuko mlinzi wa pembeni ambaye mara nyingi anapita kilo 120. Mpira ukianzwa, wanagongana. Hatakiwi kumwangusha, anatakiwa asirudi nyuma, auchukue uzito ule kwa nusu dakika ya moyo wake, ambayo kwa saa ya uwanjani ni sekunde mbili tatu, mpaka mwenye mpira apite. Kuhimili huomba nguvu za miguu na ujanja wa mikono unaojengwa kwa miaka.

Iko kazi ya kuziba. Hapa mchezaji huanzia nyuma au pembeni, hukimbia akiambaa nyuma ya mstari wa wenzake, kisha humfikia mlinzi aliyeachwa wazi makusudi na kuliziba pengo kabla halijawa mlango. Huyu hahitaji uzito mwingi kama jicho na wakati. Akichelewa hatua moja, pengo limekwisha pitwa. Akiwahi hatua moja, amemgonga mwenzake.

Iko kazi ya kukawiza: kumpiga mlinzi kikumbo cha bega ili apoteze mwendo, kisha kumwacha na kukimbilia mbele kuutafuta mpira. Iko kazi ya kupokezana, ambapo wawili humshika mmoja kwa pamoja, kisha mmoja wao humkabidhi kwa mwenzake na kupanda kumkabili mlinzi wa safu ya pili. Lubumbashi wetu, nilipoyasema haya mbele ya runinga, alisema hiyo ya mwisho kwao ingekuwa ni kupitishiana mtoto, na sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Na iko kazi ya kukinga. Hii ndiyo ya kusimama mbele ya kwotabeki anapotafuta wa kumrushia, kuuweka mwili wako kati ya mtu na madhara. Hapa nawaomba mtulie nami kidogo, kwa sababu hili ni neno la ajabu. Tunakinga jua, tunakinga pigo, tunamkinga mtoto. Lakini pia tunakinga maji. Mvua ikinyesha, mama huweka ndoo chini ya mfereji wa bati akakinga. Mgema huweka kibuyu akakinga tembo. Kitenzi kimoja kinasema kuzuia kitu kisimfike mwenzako, na kinasema kukipokea kitu kinachoanguka kutoka juu kisipotee. Hebu niambieni taitiendi hufanya nini kingine maishani mwake? Kwa mkono huu anakinga adui asipite, kwa mkono huu anakinga mpira usianguke. Wamarekani wenye mchezo wao wanahitaji vitenzi viwili kuyasema yale ambayo lugha yetu iliyaweka ndani ya kimoja kabla mchezo huo haujabuniwa.

Kwa hiyo napendekeza, na nakaribisha upinzani, kwamba nafasi hii tuiite mkingaji. Ningependa zaidi mkinga, ambalo ni fupi na linaingia vizuri katika mizani, lakini Mkinga ana mwenyewe: ni ndugu yetu wa Makete, mkoani Njombe, na hatujamwomba ruhusa.

Sasa turudi kwa kijana tukiwa na vitenzi mkononi. Sinnott alipokuwa chuoni alitumiwa sana akianzia nyuma ya mstari. Mwaka 2022 alitajwa katika kikosi cha kwanza cha ligi ya Big 12 katika nafasi ya fulubeki, yule anayetangulia mbele ya mwenye mpira kumfungulia njia. Mwaka 2023 akatajwa tena katika kikosi cha kwanza, safari hii kama taitiendi, baada ya kudaka mipira 49 kwa yadi 676. Mtu hapewi heshima ya fulubeki kwa sababu ya kudaka. Hupewa kwa sababu anajua kuziba na kufungua. Kwa hiyo anayesema "hajui kubloku" anasema nini hasa? Kama anakusudia kuziba, sifa za chuoni zinamkataa. Kama anakusudia kuhimili, mkono chini, mstarini, dhidi ya majitu ya kulipwa, basi ana hoja ya kusikilizwa: kijana wa takriban kilo 113 aliyezoea kugonga akiwa mbioni anahitaji muda kujifunza kugonga akiwa amesimama. Lakini hoja hiyo ni ya jinsi gani na lini, si ya kujua na kutojua. Na hakuna aliyeisema. Walisema kubloku, wakaomba sukari.

Kisha kuna jambo ambalo halihitaji hata kuhesabu vitenzi. Mbele ya Sinnott walikuwepo watu wawili. Wa kwanza ni Zach Ertz, aliyetimiza miaka 34 katikati ya msimu ule, ambaye mwaka 2018 akiwa Philadelphia alidaka mipira 116, idadi ambayo hapo kabla hakuna taitiendi aliyewahi kuifikia kwa msimu mmoja. Alikwisha kucheza Arizona chini ya Kliff Kingsbury, ambaye msimu ule wa 2024 ndiye aliyekuwa mpangaji wa mashambulizi ya Washington. Lugha ya mipango ile aliijua kabla ya kufungua begi. Msimu wa 2024 alidaka mipira 66 na kufunga tachidauni 7. Wa pili ni John Bates, yuko hapo tangu 2021, na uhamali ndio kazi yake anayojulikana kwayo. Sahani ya mvuvi ina mwenyewe, sahani ya hamali ina mwenyewe. Machi 2025 klabu iliwapa wote wawili mikataba mipya. Mtu aliyeketi nyuma ya wawili kama hao hahitaji kasoro yoyote ili aketi. Hata angekuwa stadi wa kuhimili, kuziba, kukawiza na kukinga, bado dakika zingekuwa zilezile chache, maana timu iliyotoka ushindi 4 msimu wa 2023 ikafikia ushindi 12 mwaka uliofuata haina haraka ya kubadili mpishi chakula kikiwa mezani.

Lakini msidhani nimekuja kuwapepea walio upande wa pili. Kambi ya watetezi wake nayo imenichosha. Hawa walikuwa na wimbo wao: kocha hawaamini vijana, kocha anampendelea mzee. Hoja hii inashangaza kwa sababu jawabu lake lilikuwa likikimbia mbele ya macho yao. Kwotabeki wa timu ile, mtu aliyekabidhiwa kila kitu, alikuwa Jayden Daniels, naye alikuwa chipukizi wa uteuzi uleule wa 2024, tena akamaliza msimu akitangazwa chipukizi bora wa ushambuliaji wa ligi nzima. Mike Sainristil, aliyechaguliwa wa 50, nafasi tatu tu kabla ya Sinnott, alicheza ulinzini tangu mwanzoni. Kocha anayeogopa vijana hafanyi hivyo. Na kuhusu Ertz, sikupendezwa na jinsi neno "mzee" lilivyotamkwa. Kwetu mtu huitwa mzee kwa kumheshimu. Pale liligeuzwa kuwa tusi, kana kwamba mtu kuijua kazi yake kwa miaka mingi ni wizi wa nafasi ya asiyeijua bado.

Kilichoharibu mizani ya pande zote mbili, nadhani, ni mtu wa tatu ambaye hakuwa hata Washington. Mwaka uleule timu ya Las Vegas ilimchagua Brock Bowers, taitiendi, wa 13, naye akadaka mipira 112 kwa yadi 1,194. Aliipita rekodi ya yadi ya mataitiendi chipukizi iliyokuwa ikishikiliwa na Mike Ditka tangu 1961. Miaka 63! Jambo linalotokea mara moja katika umri wa mtu likatokea msimu huo, na kila chipukizi mwingine wa nafasi hiyo akaonekana mvivu. Hakuna aliyekumbuka kwamba Travis Kelce, ambaye leo jina lake linajulikana hata na wasiojua mpira una umbo gani, karibu msimu wake wote wa kwanza, 2013, aliupoteza kwa jeraha la goti. Nafasi hii huiva polepole kwa sababu ni ufundi wa watu wawili katika mwili mmoja. Ndiyo maana George Kittle, Kelce na Greg Olsen walianzisha mwaka 2021 makutano ya kila kiangazi ya mataitiendi kufunzana kazi. Watu waliokwisha kubobea wanakwenda kujifunza, na sisi wa kochini tunamhukumu aliyeanza juzi.

Kuna kiini kingine cha udhalimu huu ambacho sisi washairi tunapaswa kukitambua upesi. Hesabu rasmi za ligi humwandikia mchezaji kila mpira aliodaka na kila yadi. Kwa kukinga hakuna safu. Yapo makampuni binafsi yanayotazama picha na kutoa alama, na mashabiki huzinukuu kama msahafu, lakini ukimwuliza anayenukuu ni pigo gani lililoleta alama ile, huanza kutafuta chaja ya simu. Kinachosikika kwa sikio ndicho kinachosifiwa. Ni kama msikilizaji wa shairi anayeshangilia vina kwa kuwa vinalia masikioni, asijue mizani ndiyo iliyoubeba ubeti mzima kwa kimya. Ubeti ukipungukiwa mizani twauita guni. Lakini anayetaka kuuita guni lazima ahesabu. Hawezi kuinuka ukumbini na kusema "huyu hajui kutunga" akaketi. Ataulizwa: mshororo wa ngapi? Silabi ipi?

Ndivyo malumbano yalivyokuwa kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu waliporushiana beti katika karne ya 19, miji yao ilikuwa katika uhasama wa kweli, wenye mikuki ndani yake, na bado kila upande ulilazimika kuisikia hoja ya mwenziwe vizuri kiasi cha kuijibu ndani ya sanaa ileile. Anayejibu shairi huanza kwa kulipokea. Sisi tumekaa Maryland, hatuna vita na mtu, kahawa ipo, halua ipo, na tumeshindwa kupokea hata sentensi moja ya mwenzetu.

Mtaniuliza: kwani ina madhara gani? Sinnott hajui Kiswahili, hatatusikia. Ni kweli. Mkataba wa chipukizi wa raundi yake ni wa miaka minne, na watakaoamua kuhusu mkataba wake wa pili hawatapita katika baraza letu. Lakini yupo anayetusikia. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 16, anacheza nafasi hiyohiyo katika timu ya shule yake, na kila Jumapili huketi kwenye zulia miguuni petu. Mwezi Novemba aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mjomba, mimi nikicheza vibaya nyinyi mnasemaje?" Nikamjibu kwamba hatumsemi. Akatazama runinga. Wakati huohuo bwana mmoja, mtu mwema kabisa, aliyetuletea sambusa, akatamka ile sentensi ya maneno mawili.

Kijana huyo ana mwalimu wa mchezo ambaye, kwa Kiingereza, humpa majina sita saba ya kazi yake, kila moja na hatua zake za miguu. Anaporudi kwetu, lugha ya mama yake inampa jina moja, nalo ni la lawama. Tunalalamika kwamba watoto wa ughaibuni wanakiacha Kiswahili. Mimi nisingekaa katika lugha inayonijua kwa kasoro tu, hasa nikiwa na nyingine mfukoni inayonijua kwa kazi. Nilimfundisha kuhimili, kuziba, kukawiza, kupokezana na kukinga kwa kuvisukuma viti vya jikoni, dada yangu akipiga kelele kuhusu sakafu yake. Kuziba alilipenda zaidi. Kukawiza alilitamka mara tatu, kisha akaliandika kwa kalamu kwenye utepe wa kifundo cha mkono.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mmoja ataniambia kwamba mkingaji litachanganywa na mlinda mlango wa kandanda. Halitachanganywa, yule ana majina yake tele, na hakuna hata moja lenye kinga. Mwingine atasema vitenzi vyangu ni vingi mno kwa mtu anayetaka kufurahia mchezo wake baada ya wiki ya kazi. Huyo huyo lakini anajua kutofautisha pilau, biriani na wali wa nazi bila kuchoka. Wa tatu atasema, na huyu ndiye ninayemheshimu, kwamba kuhimili kunaonekana katika mizigo ya muda mrefu, ilhali mgongano wa mstarini ni wa sekunde, kwa hiyo pengine kustahimili au kukabili lingefaa zaidi. Kwa kukabili sikubali, kwa sababu unaweza kumkabili mtu na bado akakupita. Kwa kustahimili sina jibu lililoiva, na ningependa kulumbana nalo hapa kwa beti, mwenye hoja akitangulia.

Kwa wenzangu wa Jumapili nimeweka sharti, na wameshaambiwa. Msimu ukianza, atakayesema Sinnott hajui, au mwingine yeyote hajui, atataja kwanza ni kipi kati ya vitano asichokijua, na katika mpira upi. Asiyetaja atakwenda jikoni kuosha vikombe.